SOMO KWA VIKUNDI: Kuandika Ripoti ya Hali ya Kijiji kwa Kiingereza



Kila kikundi kinachotafuta msaada hufika mahali pamoja. Fomu imeletwa, au barua imetoka kwa mfadhili, nayo inasema kwamba kabla ya pesa kuzungumzwa lazima kuwe na ripoti ya kueleza hali ya kijiji. Tena ripoti iwe kwa Kiingereza. Hapo kikao hunyamaza. Wazee wanatazama chini, akina mama wanatazamana, na mwishowe kijana aliyemaliza kidato cha nne anapewa karatasi na kuambiwa, "Wewe unajua lugha, tuandikie." Anakaa nayo siku mbili, anairudisha imepigwa chapa vizuri, na mwenyekiti anatia sahihi. Je, ni wangapi katika kikao hicho wanaojua kijana ameandika nini?

Somo hili ni la kijana huyo. Lakini pia ni la wale waliompa karatasi, kwa sababu jina lililo chini ya ripoti ni la kikundi, na kitakacholetwa kijijini kitaletwa kufuatana na maneno hayo.

Kwanza, msiwe na hofu kupita kiasi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi za nchi yetu ni Kiswahili na Kiingereza. Barua ya kwenda kwa chifu au ofisi ya kaunti inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila aibu yoyote. Mfadhili wa ng'ambo ndiye asiyekijua, na kwa ajili yake tunajifunza.

Neno lililo juu ya fomu

Sisi kwa Kiswahili tunasema "tathmini", na neno hilo moja linabeba mizigo mitatu. Kiingereza kinaigawa. "Assessment" ni kuchunguza hali ilivyo kabla kazi haijaanza. "Monitoring" ni kufuatilia kazi ikiendelea. "Evaluation" ni kupima kazi ikiisha, kuona kama ilileta faida. Ukiombwa "assessment" nawe ukaandika jinsi mradi wa mbuzi ulivyofaulu mwaka juzi, umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Tena ripoti hii siyo ombi la pesa. Ombi linaitwa "proposal", nalo huja baadaye. Ripoti inaeleza tu: nani wanaishi hapa, wana nini, wanakosa nini, na wenyewe wanasemaje. Wengi wetu tuna haraka ya kuomba, na haraka hiyo ndiyo inayoharibu ripoti kama mtakavyoona sasa hivi.

Kazi ya kwanza haitaki Kiingereza

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya 1970, wanakumbuka kwamba kazi huanza kwa kusikiliza: watu wanazungumza nini sokoni, kisimani, kwenye mazishi, kwenye gari. Anne Hope na Sally Timmel waliyaweka mafunzo hayo katika vitabu vya "Training for Transformation" mwaka 1984. Mwaka 1988 huko Mbusanyi, Machakos, wataalamu kutoka Nairobi na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walikaa na wananchi na kutayarisha pamoja nao mpango wa kutunza ardhi na maji yao. Walichora ramani, wakatembea shambani pamoja, wakauliza mambo yalivyobadilika mwaka hadi mwaka. Hakuna hata moja kati ya hizo linalohitaji Kiingereza. Linahitaji miguu, masikio, daftari na kalamu.

Kwa hiyo andikeni daftari kwa lugha mliyozungumza siku hiyo. Kama kikao kilikuwa kwa Kikamba, Kiluhya au Kigiriama, iwe hivyo. Tafsiri baadaye.

Hebu tuchukue mfano wa maji. Tuseme kikundi kimekwenda kuangalia chemchemi, na katibu ameandika hivi:

"Tumefika kwenye chemchemi tarehe 14 mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mitungi 18 ya lita 20 iko kwenye foleni. Mtungi mmoja umejaa kwa dakika 10, tumepima kwa simu. Ng'ombe wanakunywa hapo hapo. Akina mama wanasema mwezi wa kumi na moja, mvua ikishaanza, foleni ni fupi. Mzee mmoja anasema usiku maji yanateremka tu bondeni, hakuna anayeteka. Familia zinazotumia chemchemi hii ni 40, watu 240, tumezihesabu."

Daftari zuri sana. Sasa tazameni kinachotokea likifika mikononi mwa mtu anayetaka kuonyesha kwamba amesoma:

"The community is suffering from acute water scarcity which has greatly affected their living standards. Women walk for very long distances. Waterborne diseases are rampant. The community therefore urgently needs a borehole."

Maana yake: jamii inateseka kwa uhaba mkubwa wa maji ambao umeathiri sana maisha yao, akina mama wanatembea mbali sana, magonjwa ya maji yamezagaa, na kwa hiyo jamii inahitaji kisima cha kuchimbwa kwa mashine, haraka.

Kiingereza chenyewe hakina kosa, mwalimu angeweka alama ya sahihi. Lakini chemchemi imekwenda wapi? Mitungi 18 iko wapi? Dakika 10? Maneno haya yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajatoka kitandani, na yangefaa kijiji chochote kuanzia Lodwar hadi Kwale. Msomaji wa ng'ambo amesoma mamia ya ripoti zenye maneno "acute", "greatly" na "rampant". Hayamwambii kitu tena. Na magonjwa, nani aliyataja? Hayamo katika daftari. Kisima cha mashine je? Hakuna mama hata mmoja aliyekisema. Kimeingia kwa mlango wa Kiingereza kwa sababu katibu amewahi kuona ripoti nyingine iliyomalizika hivyo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mfadhili anaweza kukubali! Kuchimba kisima kirefu kunahitaji uchunguzi wa maji yaliyo chini ya ardhi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maji yenyewe yanaweza kutoka na chumvi, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Halafu kuna pampu, fundi na vipuri. Kikundi kitajikuta kinachanga pesa za kutunza kitu ambacho hakikukiomba.

Sasa rudini kwenye daftari mpige hesabu. Lita 20 kwa dakika 10 ni lita 120 kwa saa. Kwa saa 24 ni lita 2,880. Kwa watu 240, hiyo ni lita 12 kwa kila mtu kwa siku. Kitabu cha Sphere, kinachofuatwa na mashirika mengi ya misaada wakati wa maafa, kinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini, umbali usiozidi mita 500 kutoka nyumbani, na foleni isiyozidi dakika 30. Mwenye mtungi wa kumi na nane katika foleni yetu atakuwa ameujaza baada ya saa tatu. Mnaona? Namba hizi zinasema jambo ambalo katibu hakuliona. Maji yapo, si mengi, lakini ya usiku yanapotea bure. Pengine kinachohitajika ni kujengea chemchemi, kuweka tangi la kukusanya maji ya usiku, na birika la ng'ombe upande wa chini. Hata hivyo bado zitapungua lita 3 kwa kila mtu wakati wa kiangazi, na upungufu huo uandikwe vilevile. Msiufiche ili mradi uonekane mzuri.

Vichwa vitatu vya sentensi

Ripoti ya kweli ina sentensi za aina tatu, na mtu mwenye Kiingereza kidogo anaweza kuziandika zote. Kuna tuliyoyaona au kuyahesabu wenyewe: "We saw", "We counted", "We measured". Kuna tuliyoambiwa: "The women told us", "The elders said", "The nurse told us". Na kuna tunayofikiri sisi: "We think". Kabla ya kuandika sentensi yoyote jiulize ni ya kichwa gani. Ikikosa kichwa, labda haikutoka kijijini.

Daftari letu sasa linakuwa hivi:

"We visited the spring on 14 February at 6.30 in the morning. We counted 18 jerrycans in the queue. One 20-litre jerrycan took 10 minutes to fill. Cattle drink at the same place. The women told us that the queue is shorter in November, after the rains begin. We did not see this ourselves. One old man said that nobody draws water at night. We think that much water is lost at that time. 40 households use this spring. They have 240 people."

Someni tena polepole. Ni sentensi fupi, hakuna neno ambalo mtoto wa darasa la nane hakulijua. Angalieni vitendo. Yaliyotokea siku ile moja yamewekwa katika wakati uliopita: "visited", "counted", "took", "told". Yanayokuwa kila siku yamebaki katika wakati uliopo: "drink", "use". Sheria hiyo moja itawatoa katika matatizo mengi. Na sentensi "We did not see this ourselves", yaani hatukuliona hili wenyewe, msiione kama udhaifu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi inayomfanya msomaji aamini zile nyingine.

Watu wa ofisini wanapenda sana "It was observed that". Wachaneni nayo. Nani aliona? Siku gani? Aseme.

Maneno yanayogeuka njiani

Kiswahili na Kiingereza havipimi dunia sawasawa, na mahali pengine neno hugeuka tukiwa hatuna habari.

Saa ndiyo inayoongoza. Mama akisema anaondoka saa kumi na moja alfajiri, Kiingereza ni 5 a.m. Nimeona ripoti iliyosema akina mama hutoka kuteka maji "at 11". Msomaji akadhani hao ni watu wa kuamka mchana! Ongezeni saa sita au mtoe sita, halafu mwingine ahakikishe. Siku hizi vijana wanatafsiri kwa simu, na simu inasaidia, sitaki kusema uongo. Lakini simu haikuwa kisimani. Inaweza kuwarudishia saa isiyo yenyewe na kuwapamba na yale maneno makubwa tuliyokwisha kuyakataa.

Neno lingine ni homa. Kwetu homa ni mwili kuwa moto, ni mafua, ni malaria, yote pamoja. Kwa Kiingereza "fever" ni mwili kuwa moto tu. "Malaria" ni ugonjwa unaojulikana damu ikipimwa. Kwa hiyo watu wakisema watoto wana homa, andikeni "fever". Mkitaka kuandika "malaria", nendeni zahanati mkamwombe muuguzi hesabu ya waliopimwa na kupatikana nayo, mseme ni ya mwezi gani.

Njaa nayo ina ngazi. "Hunger" ni njaa. "Drought" ni ukame, yaani mvua imekosa. Lakini "famine" ni neno zito lenye vipimo. Katika mfumo wa IPC, ulioanzishwa Somalia mwaka 2004 na sasa unatumika katika nchi nyingi, eneo huhesabiwa kuwa katika "famine" wakati angalau familia 20 kwa kila 100 zimekosa chakula kabisa, watoto 30 kwa kila 100 wamedhoofika kwa utapiamlo, na watu 2 kwa kila 10,000 wanakufa kila siku. Mkiandika "famine" kwa sababu mahindi ya msimu mmoja yamekauka, ofisa aliye na takwimu mkononi ataiweka ripoti yenu kando. Afadhali kuandika: "Most families now eat one meal a day", wengi sasa wanakula mara moja kwa siku, kama mmeuliza na ndivyo ilivyo. Kwa kaunti zetu za ukame, mamlaka ya NDMA hutoa taarifa kila mwezi. Someni yenu mlinganishe.

Yatima pia anahitaji uangalifu. UNICEF humhesabu "orphan" kuwa mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika vijiji vingi yatima ni yule asiye na mtu kabisa. Basi msiandike namba moja tu. Andikeni wangapi wamefiwa na baba, wangapi na mama, wangapi na wote.

Halafu kuna familia. Nimetumia "households" katika mfano wetu, siyo "families", na kuna sababu. Katika sensa yetu, watu wa "household" moja wanaishi katika boma moja, wanapika pamoja na wanamtambua mkuu mmoja, hata kama wanalala nyumba tofauti. Mzee mwenye wake wawili wanaopika kila mmoja jikoni kwake anaweza kuwa familia moja kwenu na "households" mbili katika ripoti. Amueni kabla ya kuhesabu, si baada. Na mkitaka kulinganisha hesabu yenu, ripoti za sensa ya 2019, iliyopata Wakenya 47,564,296, zinaonyesha watu hadi ngazi ya kata ndogo.

Kuhusu vipimo sitakaa sana: debe, gorogoro na gunia havijulikani Ulaya. Andikeni kilo na lita. Eka mnaweza kuiacha "acre", lakini mfadhili akitaka hekta, hekta moja ni karibu eka mbili na nusu.

Jambo dogo linalowaudhi wengi: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "alisema". Kiingereza kinatofautisha. Mama Mwenyekiti ni "she". Nimeona mwenyekiti mwanamke akigeuzwa "he" kurasa nne mfululizo, na mfadhili akauliza kwa nini kikundi cha akina mama kinaongozwa na mwanamume.

Heshima ya wanaoandikwa

Kuna maneno ambayo katibu huyaandika juu ya jirani zake kwa Kiingereza, na asingethubutu kuyasema mbele yao kwa lugha ya nyumbani. "Ignorant." "Lazy." "Backward." Wajinga, wavivu, walio nyuma. Kuna pia lile la upole, "lack of awareness", kwamba watu hawana mwamko. Mara nyingi watu wanajua vizuri sana ila hawana shilingi. Kama akina mama hawachemshi maji, waulizeni kwa nini, na pengine watawaambia bei ya makaa. Hiyo bei ndiyo ya kuandika.

Msiandike jina la mgonjwa wala la mtoto, wala kutuma picha ya mtu asiyekubali. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. "A mother of four" inatosha.

Tena semeni ni nani hamkumsikia. Kama wachungaji wa mifugo walikuwa mbali malishoni, au vijana hawakuja, iandikwe: "The herders were away. We did not speak to them." Hao ng'ombe wanaokunywa kwenye chemchemi wana wenyewe, na wenyewe watakuwa na neno la kusema birika likianza kujengwa.

Kabla ya sahihi

Ripoti ikiisha, iitieni kikao. Msimpe mwandishi kazi ya kuisoma. Mpeni mtu mwingine anayejua Kiingereza kidogo, mwalimu au mtoto wa sekondari, ambaye hakuwepo wakati wa kuandika. Aitafsiri kwa sauti, sentensi moja moja, kwa lugha ya kikao. Mahali anapokwama, pana neno gumu, liondoeni. Mahali mama mmoja anaposema, "Hapana, mimi sikusema hivyo," simameni mrekebishe hapo hapo kwa kalamu. Inachukua kama saa mbili, na watu watalalamika kwamba wana kazi shambani. Vumilieni. Ndipo mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi, tarehe iandikwe, na nakala moja ibaki katika faili la kikundi, siyo katika simu ya mtu mmoja.

Zoezi la kufanya katika kikundi

Gawanyikeni wawili wawili. Kila wawili waandike habari hii kwa Kiingereza, sentensi zisizidi sita, kila sentensi na kichwa chake:

"Tumemkuta mama mmoja njiani na mtungi. Ana watoto watano, mmoja ni yatima wa dada yake. Anasema ameondoka nyumbani saa kumi usiku na sasa ni saa moja asubuhi. Juzi mtoto mmoja alikuwa na homa, hakwenda shule."

Mkimaliza, badilishaneni karatasi, kila mmoja atafsiri ya mwenzake kwa sauti. Angalieni ni saa ngapi mmeandika, na safari yake ilichukua muda gani. Angalieni mliyoyaona na mliyoambiwa. Mtagundua pia kwamba kuna neno moja katika habari hii ambalo hamwezi kulimaliza kwa Kiingereza mpaka mtu mmoja arudi kwa mama huyo kumuuliza.